Ndara za Bamvua: Niliyojifunza Nikichonga Samaki kwa Taka za Bahari

Ukitaka kuokota ndara kwa wingi, fuata mwezi. Mwezi ukiandama, na ukiwa mpevu, maji huwa ya bamvua: hujaa mpaka kwenye mizizi ya mivinje, kisha hupwa mbali, na pale yalipofika huacha mstari wa mwani, vijiti, vifuniko vya chupa na ndara. Siku za maji mafu, yasiyojaa wala kupwa sana, utauzunguka ufuo wa Shanzu, hapa Mombasa, wote urudi na nusu gunia. Mimi hutoka siku ya pili au ya tatu baada ya mwezi kuandama, alfajiri, maji yakianza kupwa na jua halijakaza.

Vijana wengi huniuliza waanzeje, na karibu wote huja na picha ya kitu wanachotaka kukitengeneza: kasa, tembo, jahazi. Mimi huwaambia waiweke picha kwanza, wakaijue taka.

Chukua chupa ya maji. Plastiki yake ni nzito kuliko maji, kwa hiyo ikifunguka na kujaa maji huzama. Kifuniko chake ni cha plastiki nyingine, nyepesi, hicho huelea na kuja pwani. Kwa hiyo usipange kazi inayohitaji chupa 500 nzima kutoka baharini. Panga ya vifuniko. Tazama pia namba ya aina ya plastiki, iliyochapwa juu yake ndani ya pembetatu. Vifuniko vingi ni 2 au 5. Ukiona 3, hiyo ni ya jamii ya mabomba ya maji, na ikiungua hutoa moshi wenye asidi. Kile kilichokaa juani muda mrefu kikunje kidogo: kikivunjika kama biskuti, hakifai kwa sanaa.

Na usiyeyushe chochote nyumbani. Nilijaribu mwaka wa kwanza, vifuniko kwenye sufuria kuukuu juu ya jiko la makaa, uani kwetu Kisauni. Moshi uliingia kwa jirani mwenye mtoto mchanga, na kikohozi cha mtoto yule nilikisikia usiku kucha. Sikurudia tena. Kuyeyusha ni kazi ya mashine inayopima joto, penye hewa ya kutosha. Wewe shika kisu, sindano ya magunia na gundi.

Mimi nilichagua ndara. Juu huwa zimefubaa kwa jua na chumvi, lakini ukizikata, ndani rangi bado ni hai: nyekundu, buluu, kijani kibichi. Hukatika kwa kisu kikali, hulainika kwa msasa, na ukizigundisha tabaka kwa tabaka unapata gogo la kuchonga.

Ila kazi yenyewe hasa ni kuosha. Oda yangu ya kwanza kubwa ilikuwa samaki 40 wa duka la zawadi. Niliosha ndara kwa maji ya kisima chetu, ambayo kama visima vingi vya Mombasa yana chumvi, nikaanika, nikagundisha. Wiki tatu baadaye samaki walirudishwa, tabaka zimeachana kama kitabu kilicholowa. Nilimpelekea mmoja fundi viatu wa Kongowea ninayemheshimu sana. Alimbonyeza, akalamba kidole, akaniambia, «Mwanangu, gundi haishiki chumvi. Chumvi yanywa unyevu wa hewa.»

Tangu siku ile huosha hivi. Nang'oa gidamu, yaani mikanda ya ndara, naloweka ndara usiku kucha kwa sabuni ya unga, nasugua kwa brashi ya kufulia hasa kwenye matundu ya gidamu ambako mchanga hujificha. Maji mawili ya kwanza ni ya kisima, lakini suuza ya mwisho lazima iwe maji matamu. Nayakinga ya mvua, au nanunua mtungi kwa mkokoteni. Kisha naanika kivulini siku tatu. Gundi ya viatu hupakwa pande zote mbili, unasubiri mpaka isinate kidoleni, ndipo unagandamiza. Fanya hayo penye upepo, mlango wazi.

Kuchonga nilifundishwa na mchongaji wa vinyago wa Changamwe, na nakusihi nawe utafute fundi wa kukaa naye. Wengi wanalijua jahazi la Flipflopi, lililojengwa Lamu kwa plastiki iliyotupwa na kufunikwa kwa ndara takriban 30,000, likasafiri mpaka Zanzibar mwaka 2019. Husifiwa kwa plastiki yake. Mimi husifu mikono: waliolijenga, wakiongozwa na Ali Skanda, walikuwa mafundi wa majahazi ya mbao kabla ya kuwa mafundi wa plastiki.

Sasa jambo linaloniuma kuliko yote. Kwa miezi mingi nilikuwa nikichonga na kupiga msasa palepale ufuoni, chini ya mvinje, kwa sababu ya hewa nzuri. Jioni moja maji yalijaa nikaona chenga zangu, nyekundu na buluu, zikielea ukingoni, na samaki wadogo wakizidonoa. Ndara moja nzima mtu anaweza kuiokota. Chenga zile elfu nani ataziokota? Nilikuwa nairudishia bahari taka yake ikiwa imesagwa. Tafadhali, chonga ndani, juu ya shuka. Kusanya vumbi kwa kitambaa kibichi, usilimwage kwenye mtaro wala kulisuuza bombani. Vipande vikubwa huvijaza ndani ya mito ya kuegemea; vumbi mimi hulifunga kwenye chupa iliyokazwa kifuniko, na chupa hizo ndizo uzito wa kitako cha vinyago vikubwa.

Kuhusu bei sitasema mengi. Usiseme malighafi ni ya bure. Hesabu saa za kuokota, kuosha na kukausha, maji uliyonunua, gundi, nauli ya matatu. Samaki wa kiganja mimi simuuzi chini ya shilingi 600, na mteja akistaajabu namwonyesha beseni la kuoshea. Usimfungie mzigo kwa plastiki pia. Gazeti na kamba vinatosha, na mifuko ya plastiki yenyewe ilipigwa marufuku Kenya tangu Agosti 2017.

Na kila anayenunua kwangu humwambia: pezi likikatika, usimtupe samaki, mlete. Nina kikapu cha waliorudi nyuma ya mlango. Wengine nawashona upya, wengine nawakata wakawa magamba ya wenzao. Juzi mama mmoja wa Tudor alimrudisha kasa niliyemuuzia miaka minne iliyopita, mguu mmoja umeliwa na paka. Nimemtilia mguu wa njano, kwa kuwa ndara ya kijani kama ile bado bahari haijaniletea.