CVT si lazima iwe nzito

Watu husema CVT, yaani giaboksi ya otomatiki inayotumia mkanda badala ya gia za hatua kama ile ya Vitz, ni nzito. Ni kweli Mazda Demio ya 2014 kuendelea itaiacha Toyota Vitz ya 1.0, ila usiilaumu CVT. Tofauti kubwa ni injini: Demio ya 1.3 ina nguvu farasi 92, Vitz 69. Weka injini ileile na CVT kwa kawaida inaishinda otomatiki ya zamani ya gia nne, kwa sababu gia nne zina mapengo makubwa. Hiyo ya gia nne ikibadilisha, mzunguko wa injini unaanguka na gari linaanza kujivuta upya. CVT haina hatua hizo. Ukikanyaga, inashikilia injini pale penye nguvu, ndiyo maana inanguruma kwa sauti moja na watu wanadhani haiendi. Angalia mshale wa spidi, usiamini masikio.

Gia sita za hiyo Demio zina nafuu wakati wa kuondoka: gia ya kwanza ni fupi, na CVT hupoteza nguvu kidogo kwenye mkanda wake.

Na hapa Nairobi tuko karibu mita 1,700 juu ya bahari, hewa nyepesi, kwa hivyo injini ndogo isiyo na tabo ya kuisukumia hewa itachoka kupanda Limuru hata uiwekee giaboksi gani. Ukinunua ya CVT, tafadhali usikubali fundi akuwekee ATF (oili ya giaboksi za otomatiki) ya kawaida; inataka oili yake.