Gego la mtoto wa miaka tisa: usikubali ling'olewe haraka

Dada, umeuliza kama umruhusu yule wa kliniki ya mtaani kwako Dar amng'oe mwanao gego lililotoboka, na utajuaje kama ni daktari kweli. Umetaja pia bima yako.

Kwanza hilo jino: huenda ni la kudumu. Gego la kwanza la kudumu huota kwenye miaka sita, nyuma kabisa ya meno ya utoto, bila jino lolote kung'oka kulipisha. Ndiyo maana wazazi wengi hudhani ni la utoto. Liking'olewa, halioti lingine. Mwangalie: akinywa maji baridi linauma kidogo kisha linatulia? Mara nyingi hapo kuziba kunatosha. Linamwamsha usiku? Huenda kiini, yaani sehemu laini ya ndani yenye mishipa, kimeathirika, ila hata hapo kuna matibabu ya mzizi: ndani ya jino husafishwa na kuzibwa bila kuling'oa. Daktari apige picha ya eksirei kabla ya kushika koleo. Uso ukivimba au homa ikipanda, nenda hospitali siku hiyohiyo. Na tafadhali, usimbandikie aspirini kwenye fizi, inaunguza.

Kuhusu huyo mtu, mwombe leseni yake hai. Daktari wa meno Tanzania husoma shahada miaka mitano, hufanya mazoezi kazini mwaka mmoja, kisha husajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika. Koti jeupe kila mtu ananunua. Akinuna kuulizwa, mchukue mtoto muondoke.

Bima uliyoitaja, piga simu uulize kama inalipia kuziba na kutibu mzizi, kimojakimoja, maana vifurushi havilingani.