Flashi imechomolewa, kumbukumbu ingali na kazi

Wewe unayeanza kuandika draiva za diski kwenye kerneli ya Linux, zoea mapema kutenganisha uhai wa kifaa na uhai wa kumbukumbu inayokiwakilisha. Kifaa hufa mtu anapochomoa flashi. Kumbukumbu yake haina ruhusa ya kufa mpaka mtumiaji wa mwisho aiachie, na hilo laweza kuchukua siku nzima, maana programu iliyofungua /dev/sdb (faili linalowakilisha flashi hiyo) haijui kwamba flashi imeshatiwa mfukoni.

Ndiyo maana kuita kfree(), inayofuta kumbukumbu, ndani ya remove, yaani funksheni ya draiva inayoitwa kifaa kinapoondoka, ni hatari. Programu ile itakapofunga faili lake, kerneli itafuata pointa hadi kwenye kumbukumbu ambayo pengine imeshapewa mwingine. Mashine ikianguka papo hapo, shukuru. Kibaya zaidi ni pale inapoendelea kufanya kazi huku data zikiharibika kimyakimya, au mshambuliaji anapoutumia mwanya huo kujipatia mamlaka ya root.

Kazi ya remove ni kufunga mlango tu. Ita del_gendisk() ili diski iondoke kwenye mfumo, kisha put_disk() kuachia rejeo lako wewe, yaani alama kwamba bado unaitumia. Muundo wako wa data uufute ndani ya free_disk, ambayo kerneli huiita marejeo yote yakiisha.

Wageni wengi hunaswa na devm_kzalloc(), inayoomba kumbukumbu na kuifungamanisha na kifaa. Inavutia kwa sababu inakufutia kumbukumbu yenyewe, lakini huifuta draiva inapoachanishwa na kifaa, iwe kuna faili lililo wazi au hakuna. Kwa kitu chochote ambacho programu ya mtumiaji inaweza kukifikia, iepuke kabisa. Hapo mimi sina mjadala.

Halafu kuna kazi za pembeni (workqueue), ambazo draiva huahirisha ili zifanywe baadaye. cancel_work_sync() husubiri kazi inayoendelea imalize, ila usiiite ukiwa umeshika kufuli ambalo kazi hiyo nayo inalihitaji, mtasubiriana milele. Na kama taima huamsha kazi, na kazi nayo huwasha taima upya, kusimamisha kimoja hakutoshi. Tangu toleo la 6.2 kuna timer_shutdown_sync(), inayozuia taima isiwashwe tena. Anza nayo, ndipo ufute kazi.

Ukitafuta kifaa kwenye orodha, ongeza rejeo ukiwa bado umeshika kufuli lilelile linalotumika kukiondoa. Ukiachia kufuli kwanza ndipo uite kref_get() kuongeza rejeo, umeshachelewa.

Kujaribu hakuhitaji kuchomoa waya. Washa KASAN, kigunduzi cha makosa ya kumbukumbu cha kerneli, na CONFIG_DEBUG_KOBJECT_RELEASE, ambayo huchelewesha ufutaji kwa makusudi ili makosa yajitokeze. Kwenye mashine ya majaribio, chini ya root, endesha `sleep 60 < /dev/sdb &`, kisha `echo 1 > /sys/block/sdb/device/delete`, usubiri dakika ipite. Rudia wakati dd, amri ya kunakili data, inaandika kwenye diski hiyo. Ripoti ya KASAN itakuonyesha nani aligusa kumbukumbu, nani aliiomba na nani aliifuta; anza kusoma kwa aliyeifuta, kwani mara nyingi kosa liko kwake. Na ukiwa umewasha slub_debug, ukaguzi wa SLUB (kigawa kumbukumbu cha kerneli), ukaona rejista imejaa 6b6b6b6b, hiyo ndiyo alama ambayo SLUB huijaza kwenye kumbukumbu iliyokwisha kufutwa.