Lala saiti usiku wa giza kabla hujanunua betri

Wadogo zangu mnaoanza kazi ya sola, hasa nyinyi mliozoea kufunga paneli mbili za taa na tivii na sasa mmekabidhiwa mfumo wa kilowati 20 mahali ambapo nguzo za TANESCO hazijafika: paneli ndiyo sehemu rahisi. Ukiwa na pesa, Kariakoo zipo. Mifumo mikubwa huangushwa na mzigo, yaani umeme unaovutwa na vifaa, ambao aliyeichora hakuujua.

Mimi niliangushwa na mwezi. Nilipewa kazi ya chumba cha baridi cha samaki ufukweni, upande wa Kigamboni, kuelekea Kimbiji. Nikavuka na panton asubuhi, nikashinda kutwa na klampu mita, ile inayobana waya na kusoma mkondo, nikipima kifaa kimoja baada ya kingine: kampresa, pampu ya kisima, taa, friji za nyumba tatu za wafanyakazi. Nikapata yuniti 60 kwa siku. Yuniti ninayosema ni ileile ya LUKU, kilowati moja kwa saa nzima. Nikachora, tukafunga, tukawasha, mwenye mali akafurahi. Haikupita wiki mbili simu ikalia saa 10 alfajiri: inveta, ile inayogeuza umeme wa betri kuwa wa kutumia nyumbani, imezima, na chumba kimejaa samaki.

Nilikuwa nimepima wakati wa mbalamwezi. Mvuvi yeyote wa pwani hii angeniambia, lau ningemuuliza, kwamba vibua na uono huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mwezi ukiwa mpevu, boti za taa hupumzika. Kwa hiyo chumba nilichokipima kilikuwa karibu kitupu, kampresa inapiga kidogo na kupumzika. Giza lilipoingia, samaki wakaanza kuletwa wakiwa na joto la bahari. Kupoza nusu tani ya samaki kutoka nyuzi 28 hadi sifuri ni kuondoa joto la yuniti 14 hivi, na kwa kampresa ya kawaida hiyo ni yuniti 5 au 6 za umeme. Zikija boti mbili tatu, zidisha. Mlango nao unafunguliwa kila dakika, na kuna hita inayoyeyusha barafu kwenye koili, ambayo mchana ule sikuiona hata mara moja ikiwaka. Yote hayo yalitokea usiku, betri ikiwa peke yake.

Nikarudi nikalala pale siku tatu, na ndivyo ninavyofanya hadi leo. Lala saiti. Andika usomaji wa mita kila saa, usiku kuliko mchana. Uliza watu sahihi: mwenye mali anayeishi Masaki atakwambia ana friji tatu, lakini mlinzi ndiye atakayekwambia nani anapiga pasi saa 3 usiku na pampu huachwa ikivuta maji mpaka saa ngapi. Uliza pia mwaka wa mahali hapo ukoje. Hosteli ina likizo, mashine ya kusaga ina mavuno, hoteli ya kitalii ina msimu wake. Kila mzigo una kalenda.

Wengi wangemwambia yule mwenye chumba cha samaki aongeze betri. Tulinunua mashine ya barafu. Saa 5 hadi saa 9 mchana betri zilikuwa zimeshajaa na paneli zinazuiwa kuzalisha, jua linapotea bure juu ya bati. Kilo 100 za barafu zikiyeyuka zinanyonya joto la yuniti 9, na kasha lenye kuta nene huitunza hadi usiku. Boti zikifika, samaki wanaingia kwenye barafu kwanza, kisha chumbani. Kampresa ikarudi kupumua, na betri tulizokuwa nazo zikatosha. Kabla ya kuhifadhi umeme, tazama kama kazi yenyewe inaweza kuhamia mchana. Maji pandisha tangini mchana, nguo zifuliwe mchana.

Kwenye paneli, msihesabu kwa jua la Januari. Dar tunapata wastani wa saa 5 hivi za jua kamili kwa siku, yaani jua la kutwa nzima likikusanywa kama la saa sita mchana, lakini Aprili na Mei, masika ikishika, hesabuni 4. Kwa mfano, yuniti 60 gawa kwa 4, gawa tena kwa 0.75 kwa ajili ya joto, vumbi, waya na inveta: kilowati 20. Zielekezeni kaskazini, mwinamo usipungue nyuzi 10 ili mvua izioshe.

Hata hivyo itakuja siku ya wingu zito ambayo utapata saa 2 tu. Usiifukuze siku hiyo kwa paneli na betri, utamlipisha mteja mamilioni kwa ajili ya siku chache za mwaka. Hapo ndipo jenereta inapofanya kazi yake, na hapa nawaomba mnisikilize vizuri, kwa sababu vijana wengi huiona jenereta kama aibu, wanaiacha nje ya mchoro, halafu mteja anajinunulia yoyote. Jenereta ya dizeli haipendi kubeba kidogo. Ikikimbia muda mrefu chini ya theluthi moja ya uwezo wake, haipati joto la kutosha, mafuta hayaungui yote, na utaona utelezi mweusi unatiririka kwenye ekzosi. Nimeishika kwa kidole: ni kama oili chafu, na inanuka dizeli mbichi. Injini hiyo inakufa polepole. Tena ya kVA 15 (kVA ni kipimo cha ukubwa wa jenereta) inakunywa kama lita moja kwa saa hata isipobeba kitu. Iwasheni betri zikishuka kiwango mlichopanga, ibebe mzigo na kuchaji kwa pamoja, kilowati 10 kwa saa 3, kisha izimwe. Yuniti 30 kwa lita kama 10. Ukiiacha ingurume usiku kucha ikibeba kilowati 2, yuniti hizohizo zitakugharimu mara mbili, na jirani hatalala. Chaja kubwa ya kutosha ndiyo inayowezesha hilo, kwa hiyo msibanie pesa kwenye chaja.

Pampu na kampresa: mota ikiwashwa moja kwa moja huvuta mkondo mara 5 hadi 7 ya kawaida yake. Inveta inayobeba kilowati 8 bila shida itazima kwa pampu ya kilowati 2 tu ikianza wakati mbaya. Fungeni kianzishi laini, kinachoiwasha mota taratibu.

Betri zikae ndani, kivulini, penye hewa. Zile za asidi hupoteza karibu nusu ya maisha kwa kila nyuzi 10 juu ya 25, na kibanda cha bati Dar mchana kinapita 40. Lithiamu huvumilia zaidi, lakini nayo haipendi joto. Karibu na bahari, boliti ziwe za chuma kisichoshika kutu. Chumvi haina haraka.

Na nati. Kilowati 10 kwenye betri za volti 51 ni karibu ampea 200. Nati iliyolegea kidogo, yenye ukinzani wa elfu moja tu ya omu, inatoa joto la wati 40 palepale, sawa na ile pasi ya kulehemu ya mafundi redio ikiachwa imewashwa juu ya betri yako. Nilikuta mara moja plastiki ya kituo imekuwa kahawia, na kebo ina harufu ya mpira. Tumieni spana ya kupima nguvu, kisha wekeni alama ya rangi inayopita juu ya nati na chuma. Ikisogea, mstari unakatika, na hata asiye fundi anaona. Breka za upande wa paneli na betri ziwe za mkondo mnyoofu (DC) kweli. Ya kawaida, ya umeme wa nyumbani (AC), ikikata hapo, cheche haizimiki.

Mwisho, mchague pale mtu mmoja wa kumfundisha, anayelala palepale. Kule Kimbiji ni yule mlinzi. Ukutani nilimwandikia kwa maka lini jenereta iwashwe na izimwe, kwa asilimia ya betri: 40 washa, 85 zima. Giza likianza hunitumia ujumbe kabla ya kulala: "Kaka, leo boti tatu, barafu ipo, betri 91."