Kufika kwa Waswidi si kufika kwetu

Wadogo zangu wa Tanga, mmeniuliza katika kundi letu la familia kama ni kweli kwamba huku Göteborg, Uswidi, tunalipwa kwa kunywa kahawa, maana kila picha ninayotuma inanionyesha nimeshika kikombe saa za kazi. Nitawajibu bila kuficha.

Kitenzi cha Kiswidi cha jambo hilo ni fika, yaani kuketi pamoja kwa kahawa na kitafunio. Hakina undugu na kufika kwetu, ingawa wiki ya kwanza mwenzangu aliposema "Ska vi fika?", yaani tukanywe kahawa, niligeuka kutazama mlango, nikidhani kuna mgeni. Asili yake ni mchezo mnaoujua tangu utotoni, kinyume: kahawa iliitwa pia kaffi, watu wa mitaani wakageuza silabi, na neno likaingia katika maandishi mwanzoni mwa karne ya 20. Wapo wanaosimulia kwamba lilibuniwa kwa siri kwa sababu serikali ilipiga kahawa marufuku. Marufuku zilikuwapo kweli, kuanzia mwaka 1756, lakini ya mwisho iliondolewa katika miaka ya 1820, muda mrefu kabla neno halijaandikwa, kwa hiyo mimi siisadiki hadithi hiyo. Kipo pia kitenzi kikongwe, fika efter, kutamani kitu kwa pupa, ambacho hakihusiani na kahawa hata kidogo.

Naam, dakika hizo hazikatwi katika mshahara wangu. Katika nyumba ya wazee ninakofanya kazi tunaketi saa tatu na nusu asubuhi na saa tisa alasiri. Mwezi wa kwanza sikuketi. Niliendelea kukunja mashuka ili waione bidii yangu, mpaka msimamizi akaniita kando na kuniuliza ni nani aliyenikosea. Kumbe kuikwepa meza ile walikuona ni kuwakataa wao. Siku hizi naketi, na mkate wao wa mdalasini una iliki ndani ya unga, kama maandazi ya mama.

Lakini meza hiyo haivuki mlango wa kazini. Kwa miaka minne wenzangu wamejua majina ya watoto wangu wote, ila nyumbani kwao nimeingia mara mbili tu, tena kwa miadi iliyowekwa wiki tatu kabla, ilhali kwetu mpita njia huvuta kigoda barazani akamiminiwa kahawa bila kualikwa. Picha mnazoziona ni za saa tisa, kazini. Za Jumapili siwatumii.