Nyie wapya wa kamera, mkiingia uani kwa watu sikilizeni kwanza

Kiangazi kimeingia, jua linawaka tangu asubuhi, vumbi la murram limekaa juu ya kila jani la barabarani, na kama kila Juni kikundi chetu kimepata wapya. Karibuni sana. Wengine mmetoka Arua, wengine Goma, kuna wa Bukoba, kuna mliozaliwa hapahapa Kampala, ndo maana tunaongea Kiswahili, na nawapenda wote kwa sababu mtu anayekubali kuamka gizani kwenda kupiga picha ua la boga ni ndugu yangu tayari. Lakini wiki hii nimeona mambo mawili yamenikosesha usingizi. Mmoja wenu alimwomba mzee wa watu asivunje lile ua dume la mgomba, lile la zambarau linaloning'inia chini ya mkungu, eti aliache mpaka kesho ili ndege chozi aje kunyonya mwanga ukiwa mzuri. Mwingine anatembea na kisu kwenye begi la kamera, akifika anafyeka majani ili bakgraundi iwe safi. Banange! Haya mambo wenzenu tulishayafanya zamani na kuna watu walikosa chakula kwa sababu yake. Kwa hiyo nimekaa naandika, na ni ndefu, mtanivumilia.

1. Mwanga wa hapa ni wa hapa. Mafunzo mengi mnayotazama kwenye simu yametengenezwa na watu wa Ulaya na Marekani, kule kiangazi jua linachelewa sana kuzama na mwanga wa dhahabu unakaa, mtu ana muda wa kunywa chai, kubadilisha lenzi, kurudi, bado upo. Sisi tuko jirani na ikweta, jua letu linapanda wima na kushuka wima, mwaka mzima mchana ni masaa kumi na mbili na dakika kidogo, na ule mwanga laini wa asubuhi ukianza usishangae kabla hujamaliza kurekebisha tripodi umeshaisha. Fremu ichagueni jana yake. Nendeni mchana bila haraka, tazameni ua lipo wapi, jua litatokea upande gani, asubuhi mnafika mnapiga tu.

Halafu kuna hili ambalo wengi hamlijui mpaka liwaumize: Juni jua la saa sita linapita upande wa kaskazini, Desemba linapita kusini. Kwa hiyo yule aliyepata picha nzuri Desemba kwenye kivuli cha ukuta wa kaskazini, akirudi sasa hivi kwenye ukuta uleule atakuta jua limejaa pale na ua limeungua lote jeupe. Si kamera imeharibika. Zunguka nyumba.

2. Saa sita mchana pia inafaa. Neti kuukuu ya mbu ikunjeni mara mbili mshike juu ya ua, mwanga unalainika, na gunia jeupe la posho, unga wa mahindi, mkiliweka chini linarudisha mwanga kwenye kivuli vizuri tu, vifaa vya dukani mtanunua mkishapata kazi. Haibiskasi nyekundu punguzeni stopu moja ya mwanga kwenye kamera, la sivyo mistari yote ya petali inapotea. Lenzi msibadilishe mkisimama kandokando ya barabara ya vumbi. Basi.

3. Kila ua lina saa yake. Nimechoka kusikia "tulifika tukakuta limefunga." Ua la boga linafunguka alfajiri na kabla ya saa sita limeshakunja. Pasheni ile ya zambarau inafunguka asubuhi, ile ya njano inasubiri mpaka mchana ndo ifunguke, sasa wewe unaenda kwa mama mwenye pasheni ya njano saa mbili asubuhi unamwambia mti wake hauna maua! Haibiskasi ni ya siku moja, ya kesho ni nyingine. Na kahawa, jamani, kahawa mkiikosa mmeikosa, inakaa inangoja ukame uishe, ikipata mvua ya kwanza ya maana inahesabu kama wiki hivi halafu mti mzima unakuwa mweupe na harufu inafika mpaka barabarani, siku mbili tatu imekwisha. Wenye kahawa uani wanajua siku hiyo. Wapigieni simu mkawasalimie kabla, msingoje mpaka muwe na shida nao.

Maji ya kunyunyizia ili jani lionekane lina umande njooni nayo kutoka kwenu. Kiangazi watu wananunua maji kwa jerikeni, sitaki kusikia tena mtu ameomba kikombe cha maji cha mama wa watu akakimwaga juu ya mboga ya nakati kwa ajili ya picha.

4. Sasa kisu. Hapa ndo nataka mkae chini.

Nilipoanza nilikuwa na kisu kidogo kikali, nilikipenda, na kila mtu kwenye kikundi alijua mimi ndiye wa kusafisha fremu. Kulikuwa na kazi ya muuza miche mmoja wa kandokando ya barabara ya Jinja, alitaka picha za mimea ya nyumbani, migomba hasa, akabandike pale anapouzia. Tukaenda upande wa Mukono kiangazi kama hiki. Uani kwa kwanza migomba ilikuwa haina raha, majani kadhaa yamekuwa ya njano na kuinama, mwenyewe akasema ni jua tu, mimi sikuuliza la pili, nikakata yale majani mabaya ili yasionekane, nikafuta kisu kwenye suruali, nikakirudisha kwenye begi. Tukapiga. Picha zilitoka vizuri.

Kutoka hapo tukaingia kwa bibi mmoja jirani kidogo, jjajja kama Waganda wanavyosema. Yule mama alitupokea kama wajukuu, akatukatia muwa, akatuwekea mkeka, akatuonyesha lusuku yake, shamba la migomba, ndogo nyuma ya nyumba, migomba iliyopangwa vizuri, chini matandazo ya majani makavu, pembeni mboga za katunkuma na doodo na mti wa mululuza wa dawa. Kwangu ilikuwa mahali pazuri kuliko pote nilipowahi kupiga. Sasa kulikuwa na mkungu mmoja, ua lake dume limening'inia, zambarau ile ya ndani kabisa, na jani bichi lilikuwa linalifunika. Nikalikata. Halafu nikaona nyuma kuna jingine, nikalikata. Nikaenda mgomba wa pili, nikakata, wa tatu, nikapunguza hata chipukizi moja lililokuwa linaingia kwenye kona ya fremu. Jjajja aliniona akanyamaza, nadhani alifikiri watu wa kamera wanajua wanachofanya. Kisu kilekile. Sikukiosha.

Baada ya wiki kadhaa nikarudi na picha yake niliyoichapisha, kubwa, nimeiwekea fremu. Nilimkuta amesimama uani na bwana shamba. Majani ya migomba yangu, naiita yangu kwa sababu ndiyo niliyoikata, yalikuwa ya njano yamevunjika shingoni, ua lile dume limenyauka na kukauka, ndizi zimeiva kabla ya kukomaa, na bwana shamba alipopasua shina ukatoka ute wa njano. Ile migomba ya kona ya mbali ambayo sikuifikia ilikuwa imesimama mizima. Bwana shamba akauliza nani alikata hapa. Jjajja akanigeukia, hakupandisha sauti, akaniuliza, "Mwanangu, kisu chako kilikuwa kimetoka wapi?"

Nilimwambia ukweli. Nilisema nilikotoka na nilichokata kule.

Ule ni mnyauko wa bakteria, Waganda wanauita kiwotoka. Ethiopia uliandikwa tangu 1968 kwenye ensete, ndugu yake mgomba, na hapa Uganda ulionekana 2001, tena ulianzia hukuhuku Mukono na Kayunga. Hauna dawa ya kupuliza. Unasafiri kwa utomvu, kisu au panga ikikata mgomba mgonjwa halafu ikakata mzima, umeupanda kwa mkono wako. Na unasafiri pia na nyuki na wadudu wengine wanaotua kwenye ua dume, kwa sababu kila ganda la ua likidondoka linaacha kidonda kibichi na mdudu anatoka mgomba mmoja kwenda mwingine na miguu yake. Kayinja, ile migomba ya ndizi za pombe, inashikwa haraka sana kwa njia hiyo. Bwana shamba hakuniambia ni mimi peke yangu, alisema hata nyuki wanaweza, lakini nyuki hawangechagua ile migomba niliyoigusa mimi na kuiacha ya kona.

Nilirudi siku zilizofuata na jembe tukaing'oa pamoja na mjukuu wake, mpaka mizizi, tukaikatakata na kuirundika, na pale hapakupandwa mgomba tena kwa miezi mingi kama tulivyoagizwa. Ile miezi jjajja alinunua matoke sokoni. Mtu mwenye lusuku, ananunua matoke sokoni, bei ya kiangazi! Nilikuwa nampelekea nilichopata, alipokea, na hajawahi kunifukuza, lakini picha ile sikuweza kumpa siku ile wala muuza miche sikumpa. Iko kwangu.

Kwa hiyo mkiniona nakuwa mkali juu ya kisu msiseme mzee ana kisirani. Sheria ni hii: mpiga picha hakati mmea wa mtu. Jani likifunika ua, lisogeze kwa mkono au lifunge pembeni kwa kamba ya mgomba mkavu, ukimaliza ulifungue. Kama mwenye nyumba mwenyewe ameamua kukata, akate kwa panga yake, na kama panga ni ya kuazima mwambieni kwa heshima aioshe na Jik, ile dawa ya kung'arisha nguo, au aipitishe motoni mpaka iwe moto kweli, hakuna mkulima atakayekasirika kwa hilo, wengi watashangaa kwamba mnajua.

Na ua dume: mkulima anapolivunja baada ya kichane cha mwisho kutoka anafanya kazi ya kinga, anatumia mti wenye panda analisokota linadondoka, hakuna chuma hapo. Ukimwomba aliache mpaka kesho kwa ajili ya chozi wako unamwomba aache mlango wazi. Chozi anakwenda pia kwenye aloe, kwenye haibiskasi, kwenye kana, mfuateni huko. Kijana uliyemwomba yule mzee, sikukutaja jina na sitakutaja, nenda kamwambie alivunje, na umsaidie kufikia ile mirefu kwa sababu wewe ni mrefu.

5. Hii inafanana na hiyo. Mkienda upande wa Masaka mtakuta mti wa mutuba umefungwa majani ya mgomba kiunoni, ni kwamba gome limetolewa kutengenezea kitambaa na mti unapona humo ndani. Kazi hiyo ya gome UNESCO waliitangaza 2005 kuwa urithi, kwa hiyo najua mnaitaka picha yake. Msifungue majani. Pigeni ulivyofungwa, ni picha nzuri vilevile, na muulizeni fundi lini anatoa gome lingine mje mkae naye siku nzima.

6. Ruhusa. Hodi, salamu, piga magoti kama ndiko kwao, keti ukipewa kiti, kamera ibaki kwenye begi mpaka muongee. Mtu akisema watoto wasionekane, wasionekane hata kwa nyuma. Kuna sheria ya 2019 ya kulinda data za watu, isomeni, lakini hata isingekuwepo uani kwa mtu ni chumbani kwake. Zimeni lokesheni kwenye picha za majumbani kabla hamjaposti, hasa kama kuna okidi au mmea wowote wa bei unaoweza kuibiwa usiku.

7. Jina la mmea muulizeni mwenye mmea, andikeni kwa lugha aliyoitaja, hapohapo kwenye daftari, na mmea unatumika kwa nini. Msiende nyumbani kukisia. Mtu mmoja wetu alipiga mululuza vizuri sana akaandika chini "kichaka." Mama mwenye nyumba alikuwa amelelea watoto wake wote kwa huo mti, na alijua kusoma.

8. Mkiahidi picha, pelekeni picha. Iliyochapishwa, sio ya kwenye simu, wazee wengi wana simu ya kitochi. Hela ya kuchapisha itoeni kwanza ndani ya malipo kabla hamjala rolex, chapati ya mayai, hata moja. Kila nyumba ambayo imefungwa kwetu sasa hivi, na zipo, ilifungwa kwa sababu mtu aliahidi picha akapotea, mkigonga leo mnajibiwa nyie na hamkufanya kitu, na mimi nakuja nyuma yenu kuomba msamaha kwa niaba ya watu ambao hata hawapigi picha tena.

Mafaili yawe sehemu mbili usiku huohuo. Betri chajini umeme ukiwepo. Kofia vaeni.

Jumamosi tunaenda Seeta, saa kumi na mbili na nusu asubuhi tuwe stejini, atakayechelewa atatukuta kwa miguu yake. Tunaanza na nyumba yenye pasheni ya zambarau, halafu maboga, halafu mchana tunakwenda na neti kwenye ile kana nyekundu ya nyuma ya kanisa. Mwenye lenzi ya makro, ile ya kupiga vitu vidogo kwa karibu, aje nayo tutazungushana. Mimi nitabeba Jik na ndoo, kila mwenye kisu anipe tukikutana, nitamrudishia jioni.