Kabla Hujaliacha Gitaa la Rithimu

Wiki iliyopita niliandikiwa na kijana wa Makorora, hapa hapa Tanga, ambaye ameingia katika bendi yake ya kwanza. Baada ya shikamoo na habari za nyumbani alieleza kwamba amejifunza gitaa miaka mitatu akikusudia kupiga solo za jazi, lakini kiongozi wa bendi amempa rithimu, na sasa anafikiria kuondoka kabla watu hawajamzoea kuwa ni msindikizaji. "Kaka, wewe ungekubali?" aliuliza. Nimeona nimjibu kwa urefu, kwa sababu najua wengi mnaonisoma mnaliota jukwaa lile lile, na kwa sababu swali lake limenigusa mahali ambapo bado panauma.

Mdogo wangu, mimi sikukubali, na gharama yake niliilipa.

Nimezaliwa Ngamiani, katika nyumba ambayo muziki uliikuta kabla yangu. Baba yangu mdogo alikuwa mpiga rithimu katika miaka ambayo Tanga ilijivunia Jamhuri Jazz na Atomic Jazz. Kwa wasiojua, jazi ya majina hayo ilikuwa muziki wa dansi, wenye damu ya rumba ya Cuba na ya Kongo, na si jazi ya Marekani niliyokuja kuipenda baadaye. Hata hivyo kazi ya gitaa la rithimu katika muziki wote huo ni moja, nayo ni kuwabeba wengine. Baba mdogo hakupiga solo mbele yangu hata siku moja. Alinikalisha mkekani, akaniwekea gitaa kavu, lisilo la umeme, mapajani, na kwa miezi mingi aliufundisha mkono wa kulia peke yake, huku wa kushoto ukizifunika nyuzi zisilie. Nililichukia zoezi hilo kwa moyo wote. Nilikuwa nimekwisha kumsikia Wes Montgomery kwenye kanda, yule mpiga gitaa wa jazi wa Indianapolis aliyecharaza kwa dole gumba tupu na kuipiga noti ile ile ya chini na ya juu, yaani oktavu, kwa pamoja, nami nilitaka kuwa yeye.

Nilipofikisha miaka 24 nilipata nafasi katika bendi ya hoteli moja Dar es Salaam. Nilipewa rithimu, nikaipiga kama mtu aliyenyang'anywa haki yake. Mwimbaji akivuta pumzi, mimi nimekwisha kuingia; mpiga saksofoni akianza sentensi, mimi naimalizia. Niliamini kwamba naonyesha uwezo. Katika wiki ya tatu kiongozi alisimamisha mazoezi na kusema, mbele ya wahudumu waliokuwa wakipanga viti, kwamba mimi sipigi pamoja na bendi bali napiga juu ya bendi. Jioni hiyo nikaambiwa nisirudi, na malipo ya wiki ya tatu sijayapata hadi leo. Nililala kituo cha mabasi nikiwa nimelikumbatia gitaa. Neno alilolisema lilikuwa la kweli. Namna alivyolisema na alivyonidhulumu haikuwa haki, na sijawahi kuyachanganya mambo hayo mawili.

Miaka mitano iliyofuata siisimulii yote, maana sehemu yake kubwa ilikuwa kuuza vipuri vya baiskeli. Lakini jioni nilipiga katika kikundi cha taarabu, na huko ndiko nilikofundishwa. Gitaa la umeme na besi si wageni katika taarabu ya Tanga. Black Star, kikundi cha taarabu cha hapa hapa, walikwisha kuvizoesha masikio ya mji huu zamani. Ila katika taarabu mwenye nyumba ni shairi. Bibi aliyekuwa akituimbia hakuwa na haja ya kunigombeza. Nilipomfunika neno, wanawake waliokuwa wameinuka kuja kumtunza walirudi kuketi na pesa zao mkononi, kwa kuwa hawakulisikia lile lililowainua. Hakuna mwalimu aliyenisahihisha kwa ukali kuliko migongo ya wale akina mama.

Ni hapo nilipoanza kumsikiliza kwa makini Freddie Green, mpiga rithimu wa jazi. Alizaliwa Charleston, Marekani, mwaka 1911, akaingia katika bendi ya jazi ya mpiga piano Count Basie mwaka 1937, na jina lake halikutengana na bendi hiyo hadi alipofariki mwaka 1987. Alipiga gitaa kavu, bila umeme, katikati ya tarumbeta, trombone na saksofoni. Solo zake ni chache mno. Mapigo manne, kisha manne mengine, usiku hadi usiku, na wanamuziki wenzake walimtegemea kama watu wa jahazi wanavyoutegemea mlingoti. Ukizisikiliza rekodi zake kwa utulivu, mara nyingi utagundua kwamba katika kodi nzima aliyoishika, yaani fungu la noti zinazopigwa pamoja, ni noti moja au mbili tu anazoziruhusu zisikike.

Jaribu hivi. Chukua kodi tatu zinazofuatana katika nyimbo nyingi za jazi: D ndogo yenye saba, G yenye saba, na C kubwa yenye saba. Usishike nyuzi zote sita. Noti ya msingi mwachie mpiga besi, wewe shika ya tatu na ya saba peke yake, ukihesabu ile ya msingi kuwa ya kwanza. Kwenye D hizo ni F na C. Ukienda G, F inabaki pale pale na C inashuka nusu hatua kuwa B. Ukifika C, B inabaki na F inashuka kuwa E. Kila badiliko noti moja tu inahama, na wimbo wote unasikika. Siku nilipoligundua jambo hili nilikaa barazani nikilirudia hadi adhana ya alfajiri. Kisha weka metronomu, kile kifaa cha kuhesabia mapigo, kwenye milio 60 kwa dakika, uhesabu kila mlio kuwa pigo la pili au la nne, ubaki hapo nusu saa bila pambo lolote.

Vijana, nawaambieni kwa uchungu: wapiga solo mji huu unao, wamejaa, na wengi wao wako nyumbani. Anayepigiwa simu ni yule anayejua kumngoja mwimbaji. Jifunzeni kungoja. Nyamazeni mwimbaji anapotaka kusema, mnyamaze tena hata mnapodhani amemaliza.

Mwezi uliopita bwana yule aliyenifukuza alikuja Tanga na bendi yake kupiga katika hafla Raskazone, mpiga rithimu wake akaugua, na mtu akampa namba yangu. Nilipiga saa nne. Alipokuwa akinikabidhi bahasha aliniuliza miaka yote hii nimekuwa nikipigia wapi. Hakuwa amenikumbuka. Nikamjibu, "Hapa Tanga." Ile wiki ya tatu ilinifika ulimini, nikaimeza, na hadi leo sina hakika kama nilifanya vyema.

Mdogo wangu wa Makorora, mazoezi yetu ni Alhamisi baada ya magharibi. Njoo na gitaa kavu, usilete amplifaya. Utakaa kati ya besi na dramu, nami nitakufundisha kuzifunika nyuzi kwa mkono wa kushoto kama nilivyofundishwa.